Lebo Arobaini za Bibi Fundi

Itangazwe kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika lakini wenye masikio marefu, kwamba siku ya Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, kilifunguliwa rasmi Chuo Kikuu cha Lugha ya Kiingereza, chenye makao makuu sebuleni, kati ya kabati la vyombo na cherehani. Mkuu wa chuo alikuwa mwanazuoni wa miaka kumi na sita, mwenye sauti nzito na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Hotuba yake ya ufunguzi ilipangiwa nusu saa.

Ilichukua dakika moja, kwa sababu mwanafunzi pekee wa chuo hicho, mwenye umri wa miaka sitini na nane, alikuwa amepiga magoti chini ya meza akitafuta pini.

"Endelea tu, mume wangu," alisema kutoka huko chini. "Nakusikia. Ila usisogeze mguu, isije ikakuchoma."

Mwanafunzi huyo alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Bibi Fundi. Mkuu wa chuo alikuwa mjukuu wake, mtoto wa mwanawe wa kwanza, aliyesoma shule ya bweni na kuletwa kwa bibi yake kila likizo. Shuleni walimwita Profesa. Si kwamba aliwazidi wenzake akili. Siku moja alimwomba mpishi kikombe cha pili cha uji kwa barua yenye kumbukumbu namba, na nakala kwa mwalimu wa zamu. Uji hakupewa, jina likamganda.

Chuo kilikuwa na sababu yake. Bibi Fundi alikuwa na binti wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Miaka tisa nyuma Kitinda alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali, akaolewa huko, akajifungua huko. Mtoto wake wa kike sasa alikuwa na miaka saba. Bibi alimjua kwa simu tu: uso wa mviringo na macho mawili meusi katikati. Siku ya kwanza kumwona alimpa jina la Kifungo, na hakuna aliyethubutu kulibadilisha.

Kila Ijumaa saa kumi jioni Kitinda alipiga simu ya video. Mama na binti waliongea, wakasengenya, wakacheka, wakakumbushana mambo. Kisha Kifungo akawekwa mbele ya simu. Akatabasamu. Bibi akatabasamu. Wakaendelea kutabasamiana mpaka taya zikachoka, kwa sababu mtoto hakujua Kiswahili na bibi hakujua Kiingereza.

"Tunaangaliana kama picha mbili ukutani," alilalamika Bibi.

"Kosa ni langu, mama," Kitinda alimjibu. "Narudi kazini nimechoka, namsemesha ile lugha iliyo karibu na mdomo. Lakini wewe ukijua hata majina ya vitu vya nyumbani tu, inatosha. Utainua kijiko, naye atainua kijiko. Mtaanzia hapo."

Bibi hakusahau hicho kijiko. Profesa alipofika likizo, hata begi hajalitua, aliambiwa, "Mume wangu, safari hii huli bure. Unanifundisha Kiingereza."

Sasa, ni lazima ieleweke Bibi Fundi alivyofanya kazi. Hakuamini kichwa, si chake wala cha mtu. Kila nguo iliyoingia kwake ilishonewa lebo: kipande kidogo cha kitambaa cheupe, chenye alama ya mteja kwa uzi mwekundu. Na kila lebo ilikuwa na karatasi yake ndani ya kopo la vifungo, yenye mchoro wa nguo yenyewe, ili siku lebo ikidondoka, ukweli uwe umebaki kwenye kopo. Alianza utaratibu huo akiwa kijana, baada ya kukabidhi magauni mawili kwa wanawake wawili, kila mmoja akapata la mwenzake, na mmoja akaenda nalo harusini likiwa limembana mpaka akashindwa kukaa. Bibi alitembea kwa miguu hadi nyumba zote mbili kuomba radhi. Miaka arobaini ilikuwa imepita, na bado alilisimulia jambo hilo akiwa ameshika kifua.

Kwa hiyo maneno ya Kiingereza aliyashona. Profesa aliandika neno kwenye karatasi kwa herufi kubwa na kusema ni la kitu gani. Bibi akageuza karatasi, nyuma akachora kitu hicho. Kisha akanakili herufi moja moja kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa, akakibandika kitambaa kwenye kitu chake kwa pini au kwa uzi, na karatasi ikaenda kwenye kopo. Alikuwa akishona anatamka kwa mdomo uliojaa pini, na kwa kweli matamshi yake ya siku hizo hayakutofautiana na ya paka aliyebanwa.

Hapa msimulizi analazimika kukohoa kidogo.

Profesa alikuwa mtani. Bweni lao bado linaikumbuka asubuhi ambayo jozi arobaini za viatu zilikutwa zimefungwa kamba pamoja, kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Kijana wa namna hiyo, ukimpa mwanafunzi asiyejua lolote na anayeamini kila kitu, unamtia majaribuni. Siku ya pili ya chuo, alipoulizwa mlango unaitwaje, aliandika CHAIR, ambalo ni jina la kiti. Bibi akachora mlango nyuma ya karatasi, akashona. Kiti kikapewa jina la kikombe. Kikombe kikawa dirisha. Kijiko kikawa kitanda. Kila kitu nyumbani kilivaa jina la jirani yake, kama wateja waliopewa nguo za wenzao.

Alikuwa na mpango, na tumtendee haki, haukuwa mpango mbaya. Ijumaa ya tatu Bibi angeonyesha ujuzi wake kwenye simu, Kitinda angecheka mpaka akae chini, Kifungo angecheka, Bibi angemrushia Profesa kandambili, na jioni hiyo hiyo lebo zote zingebadilishwa. Kwa hesabu zake, familia nzima ingeisimulia miaka arobaini, kama ile ya magauni.

Lebo zilifika thelathini na tisa. Mama muuza mayai, mteja wa siku nyingi na mdomo usio na mlango, alikuja kuchukua sketi yake akazikuta.

"Bibi Fundi! Nyumba imekuwa duka? Hata chungu kina nembo!"

"Nasoma."

"Unasoma nini na meno yameisha?"

"Nasoma na mjukuu. Keti kwenye CUP hapo, nikupimie kiuno."

Mama muuza mayai alikuwa na Kiingereza cha kuuzia mayai tu, kwa hiyo alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa, akaamini kinaitwa hivyo. Profesa alikimbilia uani akang'ata mkono wa shati.

Siku hiyo hiyo Bibi akaomba neno la arobaini. Alisimama mbele ya picha ya Kitinda iliyokuwa ukutani, ya siku aliyomaliza shule, ndani ya gauni ambalo Bibi mwenyewe alilishona. "Hili nataka kumwambia Kifungo siku nikiwa naweza," alisema. "Nimwonyeshe picha, nimwambie: mtoto wangu. Wanasemaje?"

Profesa alifungua kinywa amwambie neno la jiko. Kikagoma. Akaandika MY CHILD, kwa usahihi kabisa, na hiyo ikawa lebo pekee ya kweli katika nyumba nzima.

Ijumaa ikafika. Bibi alivaa gauni jipya. Alipanga vitu mezani kwa mstari, na saa kumi simu ilipolia alikuwa amesimama wima kama anayepokea mgeni rasmi.

"Mama, umependeza hivyo, unaolewa?" alisema Kitinda.

"Nyamaza wewe. Mlete Kifungo."

Kifungo akaja. Bibi akainua kikombe, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili kwamba ni dirisha. Akainua kijiko, akakiita kitanda. Akaupiga mlango kwa kiganja, akauita kiti. Vitu kumi na vitatu bila kusita hata mara moja, na baada ya kila kimoja alingoja mtoto ainue cha kwake.

Kitinda alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Mama jamani! Mama, acha!" Alidhani ni kichekesho. Kifungo naye alicheka kwenye kikombe na kwenye kijiko. Kwenye sabuni alitabasamu. Kwenye kioo alikuwa ameacha kutabasamu. Aliinua kijiko chake, akalitaja jina la kijiko polepole, mara mbili, kama mtu anayemsaidia mwenzake. Bibi akatikisa kichwa kwa upole, akamsahihisha: kitanda. Mtoto akamwangalia mama yake, akasema kitu kwa haraka, akaondoka mbele ya simu.

"Amesemaje?" aliuliza Bibi.

"Hamna, mama. Utoto tu."

"Nimeuliza amesemaje."

Kitinda alifuta macho. Hakuwa anacheka tena. "Anasema unamtania. Anauliza mbona bibi hataki kuongea naye kweli."

Hapo ndipo Profesa alipopaswa kusimama. Alikuwa hatua tatu kutoka kwenye simu, na kicheko chake chote amekiandaa. Lakini alimwona Bibi akikiweka kijiko mezani taratibu, kwa mikono miwili, kama kitu cha kuvunjika. Bibi akageuka akatazama lebo zake, moja baada ya nyingine.

"Nimebandika vibaya," alisema. "Kama yale magauni. Nimewachanganya wenyewe."

"Mama, si kitu..."

"Na mwalimu wangu alinifundisha vizuri. Usimlaumu. Kichwa ndicho kimekwisha."

Kukiri kabla ya kesi kama hiyo ni rahisi. Baada ya mtu kukutetea namna hiyo, ulimi unakuwa mzito. Profesa aliangalia vidole vya miguu yake. Lile kopo la vifungo, lenye ukweli wote ndani, Bibi alilipandisha juu ya kabati na hakulifungua, maana nani anarudi kutazama mara ya pili mahali alipoumbuka? Lebo alisema atazifumua akipata nafasi. Hakupata. Na Profesa hakuzigusa, kwa sababu kuzigusa kungekuwa kujitangaza.

Ijumaa iliyofuata simu ililia saa kumi. Bibi alikuwa ameketi kwenye cherehani, kitambaa hana, uzi hana.

"Pokea wewe," alimwambia mjukuu wake. "Mwambie nina wateja. Mtu hakabidhi kazi mbovu mara mbili. Nikiwa tayari nitaongea naye." Kisha akaanza kukanyaga. Gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka ikichoma hewa tupu, ili huko mbali wasikie mlio wa kazi.

"Namsikia," Kitinda alisema. "Mwambie asijichoshe."

Ijumaa ya pili ikawa vile vile. "Hawa wateja wanafunga ndoa wote mwezi mmoja?" aliuliza Kitinda, na Profesa akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa ya tatu, cherehani ilipoanza kulia, Kitinda hakutania tena. Alisema, "Niambie ukweli, mwanangu. Mama amenikasirikia? Kwa sababu nilicheka?"

"Hapana, shangazi. Ni kazi tu."

Kitinda akasema maneno mengine machache, ambayo hayana umuhimu katika simulizi hii. Wakaagana.

"Amesemaje?" Bibi aliuliza bila kuacha kukanyaga.

"Anakusalimu."

"Basi?"

"Basi."

Bibi aliendelea kukanyaga kitambo, ingawa simu ilikuwa imekatwa. Jumatatu Profesa alirudi shule.

Jumanne Bibi alikuwa anampima mkono mama muuza mayai. Simu ikalia, na haikuwa Ijumaa. Alikuwa mkwewe, mume wa Kitinda, mtu mpole ambaye katika miaka yote alikuwa amejifunza maneno matatu tu ya Kiswahili. Alitumia mawili. "Mama," alisema. "Pole." Akarudia, "Mama. Pole. Mama." La tatu lilikuwa asante, na halikuwa na kazi siku hiyo.

Mengine yalielezwa na mtu mwingine baadaye. Kitinda alianguka kazini, mshipa ulipasuka kichwani, hakufikisha jioni. Walimzika huko huko. Bibi hakupata hata pindo la sanda la kushona.

Mama muuza mayai anasimulia kwamba Bibi hakulia mara moja. Alimalizia kwanza kumpima ule mkono, akaandika kipimo, akaviringisha futi vizuri, akaiweka mfukoni. Kisha akamwuliza, "Wewe unajua zilikuwa Ijumaa ngapi?" Mama muuza mayai hakuelewa swali. "Tatu," Bibi akajijibu. "Zilikuwa Ijumaa tatu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo."

Mwezi mmoja baadaye, wakati Profesa yuko nyumbani kwa likizo fupi, mkwe alimleta Kifungo. Alikuwa mdogo kuliko kwenye simu. Alisalimia kwa kusukumwa bega na baba yake, akaketi, akanywa maji, hakusema kitu. Bibi alimkumbatia na kumwachia, asijue amwambie nini na kwa maneno yapi. Baba yake alipolala kwa uchovu wa safari, mtoto alisimama katikati ya sebule akaanza kutazama lebo.

Miaka saba inatosha kusoma. Alisoma ya mlango. Akasoma ya kiti. Akazunguka chumba chote mikono ikiwa nyuma, kama mkaguzi. Kisha akaenda kwa Bibi kwenye cherehani, akanyoosha kiganja, akachezesha vidole viwili hewani. Bibi akaelewa. Akampa mkasi mdogo.

Kifungo akaburuta kigoda hadi mlangoni, akakata uzi, akaitoa lebo, akaipeleka kwenye kiti. Akarudi. Akachukua ya kikombe, akaipeleka dirishani. Alipokwama alinyoosha mkono mtupu na Bibi akaweka pini. Kila alipobandika moja, alilitaja neno, na Bibi alilirudia. Hakuna aliyecheka. Walifanya lebo thelathini na tisa. Ilichukua mchana mzima.

Akafika kwenye picha ya mama yake. Akaisoma lebo iliyokuwa chini yake. Akaisoma tena, mdomo unatembea bila sauti. Mkasi ukashuka. Aliigusa pini iliyolegea, akaikaza kwa kidole gumba, akaiacha lebo pale pale ilipokuwa. Halafu akaweka kichwa kwenye tumbo la Bibi, akalia kwa mara ya kwanza tangu aingie, na Bibi akamwonyesha picha akamwambia yale maneno mawili, sawasawa kabisa, kama alivyofundishwa.

Mtoto aliposhikwa na usingizi, Bibi aliomba ateremshiwe kopo la vifungo. Profesa ndiye aliyeliteremsha. Alikuwa mrefu kuliko wote.

Bibi alizipanga karatasi mezani, maneno juu, kisha akazigeuza moja moja. Neno ambalo Kifungo alilihamishia kwenye kiti, nyuma yake kulikuwa na mchoro wa mlango. Alikuwa fundi. Hakuhitaji kuelezwa kilichokuwa mbele yake.

"Wewe," alisema. Hakusema mume wangu. "Hapa nimechora nini?"

"Mlango."

"Nilichora mlango kwa sababu nani aliniambia neno hili ni la mlango?"

Simulizi ilikusudiwa kuishia hapa, kwa heshima zote, Profesa akitoka nje akiwa ameinamisha kichwa na msimulizi akitoa maneno mawili matatu ya hekima kuhusu vijana wa siku hizi. Lakini Bibi hakuondoa macho yake kwangu.

Ndiyo. Kwangu. Profesa ni mimi, shati la pasi ya mbele ni langu, na yale niliyosema kumtetea yule kijana nilikuwa najitetea mwenyewe.

"Mimi, bibi," nilisema. "Zote niliziharibu mimi. Hukukosea hata moja."

Alizikusanya karatasi, akazirudisha kwenye kopo. Kisha akauliza lile swali ambalo nilikuwa nimeliogopa kuliko fimbo. "Ile Ijumaa ya mwisho. Kitinda alisema nini?"

Nilidai hapo juu kwamba yale maneno hayakuwa na umuhimu. Huo ulikuwa uongo. Nilijua kuwa nikiyafikisha Bibi angeshika simu, na wakiongea wangezitazama lebo, na wakizitazama wangenijua. Nilikuwa nahesabu siku za kurudi shule.

Nikamwambia. "Alisema: mwambie mama, maneno yangu yenyewe, usiyatie chumvi. Mwambie mimi sihitaji Kiingereza chake. Nataka kumsikia yeye."

Bibi aliweka mguu kwenye kanyagio, lakini hakukanyaga.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Polepole. Rudia."

Nikarudia mara ya tatu, na sauti yangu ile nzito ya mkuu wa chuo sikujua imeenda wapi.